Kiti cha Namba Nane

Alhamisi, 6 Agosti 2015

Pasta Gasore amenikamata leo mlangoni mwa kanisa kabla sijafika kwenye gari. Nilipouona ule uso wake wa kuomba kitu, nikajua sifiki nyumbani mapema. Timu ya kanisa imepata kocha. Kocha ni mzungu wa Ayalandi, Kiswahili hajui hata salamu, na wachezaji wetu Kiingereza chao chote ni cha ghalani: inua, weka chini, funga boksi. "Isimbi binti yangu, bon, ni weye tu," akasema Pasta. Nikamjibu kwamba Kiingereza changu kinaishia kwa wazee ninaowahudumia mchana kutwa, jioni hakibaki cha kumpa mtu. Akacheka kama vile nimekubali, akaenda zake.

Mpira siupendi. Pasta anajua sababu, na Newburg nzima, mtaa wetu huu wa Louisville, inajua. Ndiyo maana hakunitazama machoni.

Kazini tunaandika kila zamu: mzee kala nini, kalalaje, kalia au hakulia. Mkono umezoea. Nitaandika na msimu huu vivyo hivyo, angalau nipate mahali pa kulalamikia.

Jumanne, 11 Agosti

Nimemwona. Mtu mrefu, mwekundu kwa jua, tumbo limeanza kujitokeza, goti la kushoto halikunjiki vizuri. Anaitwa Malachy Devane. Wachezaji wameshamgeuza Malaki, na Pasta anafurahi ajabu kwamba Mungu ametuletea nabii. Nabii mwenyewe ameajiriwa kukata majani ya viwanja. Siku ya kwanza alikuja kuwafukuza vijana wetu kwa kuwa hawakuomba ruhusa. Akasimama, akawatazama, akazima mashine, akabaki hadi mwisho.

Zamani alicheza mpira wa kulipwa, kiungo, jezi namba nane. Aliondoka kwao na miaka kumi na sita akaenda Uingereza, akarudi kwao, halafu akaletwa Marekani: Buffalo, Columbus, mwisho hapa Louisville, na hapa ndipo goti lilipommaliza. Baadaye akawa kocha Columbus, wakamwachisha. Akawa kocha Buffalo, wakamwachisha. Hayo yote kayasema bila kuulizwa, kama mtu anayetaja vituo vya basi.

Somo la leo ni moja tu: angalia begani. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo uone nani yuko nyuma yako. Kiungo anayetazama mbele tu hachezi, anangoja kuvunjwa. Nimetafsiri hayo mpaka koo limekauka. Nilipofika nyumbani nikajikuta nageuza shingo pakingi nzima, na hakukuwa na mtu.

Jumamosi, 15 Agosti

Mechi ya kwanza ya ligi ya makanisa, na Warundi wa kanisa la upande wa pili wa mji. Tumepigwa tatu kwa moja. Niseme ilivyokuwa, maana anayesoma hapa bila kutujua atadhani tuna wazimu.

Muhoza ni kaka yangu. Ni mtoto wa kwanza wa Mama, kwa hiyo watu wote wanamwita Mama Muhoza. Jina lake mwenyewe, Kostansia, analisikia kliniki tu. Kaka alikuwa namba nane wa timu moja ya Uvira, kwetu Kongo. Mwaka ule wa 2004 tulipokimbia vita kuvuka kwenda Burundi, alirudi nyuma kumbeba baba mdogo aliyekuwa hawezi kutembea. Alisema, "Nawafuata." Hatukumwona tena, wala baba mdogo. Hakuna aliyemwona akifa, basi Mama akakataa kilio, kwa sababu kwake kilio ni cha mtu aliyezikwa. Kaka yangu si hai wala si marehemu, na mezani kwetu sahani yake ipo hadi leo. Naiosha mimi, sahani isiyochafuka.

Theogene, kapteni wetu, alikuwa rafiki yake wa kula sahani moja. Timu ilipoanzishwa hapa Newburg, yeye ndiye aliyeleta hii desturi. Kila mechi tunaanza na watu kumi. Katikati panabaki wazi kwa ajili ya Muhoza mpaka mpira utoke nje mara ya kwanza, ndipo Birindwa anaingia. Jezi namba nane haivaliwi. Mama huja na viti viwili vya kukunja, kimoja chake, kingine cha jezi.

Leo Warundi wamepita hapo katikati kama wanaopita uani kwao. Mpira haujatoka nje hata mara moja, na bao limeingia. Kocha akanigeukia, uso umeiva, anauliza kwa nini tuko kumi. Nikamuuliza Theogene nijibu nini. "Usimuambie, dada. Ni mambo ya nyumba, donc aache hivyo." Basi nikamwambia kocha kwamba Birindwa alikuwa anafunga kamba za viatu.

Jumanne, 18 Agosti

Joto la kupikia ugali juani. Kocha kaniuliza tena kuhusu Birindwa. Nimemwambia amenunua viatu vipya.

Jumamosi, 22 Agosti

Tumefungwa mbili bila. La kwanza, palepale.

Kocha hakupiga kelele safari hii. Alisimama mikono mfukoni akiangalia lile pengo, na mimi nikaangalia anapoangalia. Majani yalikuwa yamelala kidogo, upepo haukuwepo. Nikamwona akigeuza shingo, akaangalia begani kwake. Nikaenda kuchukua maji bila kiu.

Baadaye akaniambia, "Kamba za viatu vya huyo jamaa ni ndefu sana." 

Alhamisi, 3 Septemba

Mvua. Mazoezi hakuna. Mama kaifua jezi na kuianika bafuni. Haijavaliwa tangu inunuliwe.

Jumapili, 13 Septemba

Pasta kamleta kocha kwetu kula baada ya ibada. Nilijua patakuwa na balaa, kwa sababu meza yetu ina viti vinne na kimoja hakikaliwi. Akaingia, akasalimia kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na Bonheur, kipa wetu, akavuta kiti cha Muhoza akaketi. Pasta akafumba macho. Mimi nikashika ukingo wa meza. Mama akaleta sahani nyingine akaiweka mbele yake, ile ya Muhoza akaisogeza pembeni kidogo, tena taratibu, kama anavyomsogeza mtu kanisani.

Kumbe kocha ni mtoto wa mfugaji. Baba yake, mzee wa miaka themanini na tatu, ana ng'ombe hadi leo, na kila ng'ombe ana jina lake. Mama akaniamuru nimuulize wana rangi gani, pembe zipoje, maziwa mangapi. Nikatafsiri ng'ombe mpaka chakula kikapoa. Kocha akanywa maziwa glasi tatu. Alipoondoka Mama akasema, "Huyu iko mutu wa ng'ombe," na kwa Mama hiyo ni sifa kubwa kuliko udaktari.

Ni lazima niseme ukweli, nilikuwa nimemhukumu vibaya. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaokuja kutupiga picha.

Jumamosi, 26 Septemba. Columbus

Tumekuja kucheza na kanisa la watu wetu wa Linden. Mama amebaki nyumbani, presha yake haipendi barabara ndefu, lakini kiti na jezi vimekuja. Theogene ndiye aliyevibeba. Tumetoka sare, na bao lao limepita palepale.

Baada ya mechi, wakati wanaume wanachoma nyama nyuma ya kanisa, akanijia mtu anayeitwa Kataliko. Ana miaka kama hamsini, anafanya kazi ya kupakia nyama kiwandani. Akauliza ile jezi kwenye kiti ni ya nani. Nikamwambia ni ya Muhoza wa Kostansia. Akashika kichwa. Akaniuliza, "Kostansia iko hai?"

Akanivuta pembeni ya gari. Uvira alikuwa haikosi mechi hata moja, kwa hiyo uso wa Muhoza aliujua vizuri. Katika kukimbia kule aliwakuta kaka yangu na baba mdogo njiani karibu na mto Ruzizi, wamepigwa risasi wote wawili, bado wameshikana. Aliwazika na wenzake kwa jembe la kuazima. Kulikuwa na mvua. Kaka yangu alikuwa na fulana tu, Kataliko akavua koti lake akamfunika nalo kabla ya udongo. Miaka yote hii alidhani ukoo wetu mzima umekwisha, hakuwa na mtu wa kumpa habari.

Sikulia. Nilimshukuru kama ninavyomshukuru mtu aliyenipa lifti. Nikarudi kwenye nyama, nikamtafsiria kocha utani wa Bonheur.

Jumapili, 27 Septemba. Columbus

Kabla ya ibada nimemkuta kocha pakingi, kakaa kwenye ngazi ya gari la kanisa, simu mkononi imefunguliwa sauti ya juu kwa sababu mzee upande wa pili hasikii. Ni baba yake. Kila Jumapili anampigia.

Mzee akauliza, "Mlishinda? Ulicheza?"

Kocha akasema, "Sare, Baba. Nilicheza. Dakika zote tisini."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Akaniona. Alipomaliza hakuona aibu, alionekana amechoka tu. Akasema goti lilipokufa, miaka minane iliyopita, alipanga kumwambia Jumapili ya kwanza. Jumapili ya kwanza ikapita. Sasa mzee husahau mengi, husahau hata kwamba mkewe alifariki, lakini hilo swali halisahau. "Nikimwambia sichezi, ataniuliza nini tena?"

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi tangu jana nina habari ambayo siwezi kuifikisha. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufikisha maneno ya watu. Kengele ya kanisa ikalia, tukaingia.

Jumatatu, 28 Septemba

Sijamwambia.

Jumatano, 30 Septemba

Mama ameniuliza Linden kulikuwaje. Nimesema nyama ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nilichofanya leo ni nusu ya ujasiri. Nimemweleza kocha habari ya pengo: Muhoza, kiti, jezi, mpira kutoka nje. Ya Kataliko sikuyasema. Nilitegemea atacheka au atakasirika, atatuambia twende tukacheze dini yetu kwingine.

Alikaa juu ya mashine yake ya majani akafikiri. Kisha akasema, "Kwetu mtu akifa tunaacha dirisha wazi." Akashuka, akamwita Theogene, akachukua koni za mazoezi akazipanga majanini. Theogene arudi nyuma hatua chache, mabeki wa pembeni waingie ndani, wote wakae kuzunguka lile pengo mpaka mpira utoke. "Hapo ni nyumba ya mtu," akasema, nami nikatafsiri hivyohivyo bila kuongeza. "Nyumba ya mtu hailindwi kwa kuingia ndani. Inalindwa mlangoni."

Theogene, ambaye sijawahi kumwona akilia, alijifanya anafuta jasho.

Jumamosi, 3 Oktoba

Tumeshinda. Walijaribu kupita katikati wakakuta mlango umefungwa. Nilimtazama Mama akipiga makofi, halafu akaegemea kiti cha pili akasema nacho jambo kwa sauti ndogo. Furaha yangu ikaisha hapohapo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Tumeshinda tena. Mvua. Mama alifunika jezi kwa mwavuli, yeye akalowa.

Jumanne, 13 Oktoba

Asubuhi Mama kaniambia ameota. Muhoza amesimama mlangoni haingii, anasema ana baridi, anaomba cha kujifunika. Hii ni mara ya tatu. Anataka nimpeleke dukani anunue blanketi.

Nimempeleka. Tumechagua la kahawia. Nilikuwa na jibu mdomoni, koti la Kataliko, neno moja tu lingetosha kumpa mama yangu usingizi, na nikasimama pale kwenye foleni nikishika blanketi la mtu aliyekwisha kufunikwa. Sijui ni woga wa nini. Nadhani naogopa kwamba nikisema, watu wataanza kumwita Kostansia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumeshinda nusu fainali. Fainali ni Buffalo, tarehe saba Novemba. Pasta kaimba mpaka sauti imekauka. Blanketi liko kwenye kiti cha jezi.

Nilipokuwa nakunja viti, uwanja umebaki mtupu, nilisikia mluzi. Kaka alikuwa akiniita kwa mluzi wa namna ile, mfupi halafu mrefu. Nikageuka. Alikuwa kocha, anafukuza bata bukini uwanjani.

Alhamisi, 22 Oktoba

Kocha hakuja mazoezini. Simu hapokei.

Ijumaa, 23 Oktoba

Baba yake amefariki Jumatano. Walimkuta zizini, amekaa kwenye ndoo, kama aliyepumzika. Wanamzika kesho. Kocha hawezi kwenda, karatasi zake bado zinashughulikiwa, akitoka harudi. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa kwa mtu yeyote Newburg.

Pasta kasema kesho baada ya chakula cha mchana tunakwenda kukaa kilio. Nikamwambia mzungu anaweza asipende. Akaniuliza, "Kwani baba yake alikuwa mzungu zaidi ya kuwa baba?"

Jumamosi, 24 Oktoba

Naandika hili nikiwa mezani kwetu.

Tulikwenda karibu kanisa zima, na viti, na masufuria ya chai ya maziwa, na mikate. Kocha alifungua mlango amevaa suti iliyombana, peke yake, sebuleni kuna kochi moja na televisheni. Alidhani tumepotea njia. Nikamwambia tumekuja kukaa. Akauliza kukaa mpaka lini. Nikasema mpaka tuondoke. Akatazama ile foleni ya watu na viti ngazini, akasogea mlangoni tupite. Dirisha lake lilikuwa wazi, na nje baridi.

Tuliimba, tukaomba. Mama alikaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na ukuta, mgeni kama wageni wengine. Kisha Pasta akasema mwenye msiba atuambie marehemu alikuwa mtu gani, ndivyo tunavyofanya. Kocha akasimama, nami nikasimama kando yake. Huwa natafsiri kwa "mimi". Mtu akisema mimi, mkalimani naye anasema mimi, asijiweke katikati.

Akasema, nami nikasema: "Baba yangu alikuwa mfugaji. Alinipeleka kwenye meli nikiwa na miaka kumi na sita, akanipa viatu vya mpira vimefungwa kwenye gazeti. Kila Jumapili aliniuliza kama nimecheza. Miaka minane sijacheza. Kila Jumapili nimemdanganya. Yule mchezaji alikufa hapa Louisville, na sikuweza kumwambia baba yake. Nilimwacha mzee aendelee kumwekea nafasi."

Hapo kocha akanyamaza. Alikuwa amemaliza, au alishindwa kuendelea. Watu wakangoja. Na mimi, nikiwa bado nimesimama, bado na sauti ileile, nikaendelea.

"Na mimi nina habari ya kifo tangu Columbus. Muhoza hatarudi. Alipigwa risasi karibu na Ruzizi akiwa amembeba baba mdogo. Kataliko wa Linden alimzika kwa mikono yake."

Nadhani wengi waliyachukua kuwa maneno ya kocha. Bonheur alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma akimtazama yeye. Theogene ndiye aliyeelewa kwanza, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Kocha hakuelewa lugha, lakini alisikia jina, akanitazama, akaniwekea mkono mgongoni.

Sikuweza kumtazama Mama. Nilisikia tu kiti chake kikilia. Nilipoinua macho alikuwa amevua viatu na anashuka, polepole, mkono mmoja ukutani, akaketi chini kwenye zulia la kocha. Kwetu wageni wa kilio hukaa vitini. Anayeketi chini ni mwenye msiba. Wanawake wote wakashuka wakaketi naye, mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia.

Mama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alimfunika?"

Nikasema, "Alimfunika, Mama. Alivua koti lake mwenyewe."

"Basi," akasema. Halafu akalia. Miaka kumi na moja nilikuwa sijaisikia sauti ile, na sikujua kwamba nilikuwa naingoja. Kocha, na goti lake bovu, akahangaika mpaka na yeye akafika chini, wakakaa hivyo wawili, mwenye baba na mwenye mwana.

Jumapili, 25 Oktoba

Kilio kimehamia kwetu. Mama kampigia Kataliko simu. Wamezungumza asubuhi yote, yeye anauliza, yule anajibu. Hakunigombeza. Nilimwomba msamaha nikiwa naosha vyombo, akasema, "Na mimi ningemwogopa mtu kama mimi." Nimemkumbatia mikono ikiwa na sabuni.

Jumatano, 28 Oktoba

Watu. Chai. Watu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Leo tumemaliza kilio. Tulisahau kabisa kwamba ni ile siku ya watoto wa hapa kuzunguka wamevaa kama wafu, wakiomba pipi. Jioni, katikati ya sala, mlango ukagongwa. Nikafungua, nikakuta mifupa imesimama, na mzimu, na kitu chenye damu usoni, wananyoosha mifuko. Sebule nzima ya wafiwa ikawatazama. Pasta akakatisha sala.

Mama akanyanyuka. Nilidhani ataanguka. Akachukua sinia la mandazi akawagawia mmoja mmoja, akamshika kidevu yule wa mifupa, akamfungia koti vizuri. "Aende kwa amani," akasema. Akarudi akakaa, tukamaliza sala.

Ile sahani ameiweka kabatini pamoja na nyingine. Blanketi amempa kocha, maana anaacha dirisha wazi kama mjinga.

Jumamosi, 7 Novemba. Buffalo

Mama amekuja. Presha na barabara na yote, amekaa siti ya mbele akiwa na jezi mapajani njia nzima. Kocha kaendesha. Alituonyesha kiwanja alichochezea zamani, sasa ni pakingi ya duka la mazulia.

Tumelala kwa watu wetu wa North Buffalo. Asubuhi upepo kutoka ziwani ulikuwa unakata masikio, mvua na chembe za barafu kwa pamoja. Saa ya mechi, Birindwa hayupo. Ghala limemlazimisha kufanya kazi mwisho wa wiki, na vijana wawili wa akiba wamebaki na mafua. Tulikuwa kumi kweli, si kwa desturi.

Theogene akamtazama kocha. Pasta akasema jina lake lilipelekwa kwa wasimamizi wa ligi pamoja na majina ya wengine tangu Agosti, ili tu atimize idadi. Kocha akacheka, akagusa goti, akasema yeye ni marehemu. Nilipotafsiri hilo, Mama akainuka kitini. Akaenda hadi mbele yake na jezi namba nane, akaikung'uta kama vile ina vumbi.

Hakusema nitafsiri chochote. Alimwinulia mikono kama mtoto anayevalishwa, na mzungu yule mrefu akainama, kichwa kikapita, tumbo likagoma kidogo, ikashuka. Theogene alimshika bega. Nikasikia kocha akishusha pumzi ndefu.

Mpira ukaanzishwa. Mara ya kwanza tangu timu iwepo, tulianza kumi na mmoja. Mpira ukaja katikati, moja kwa moja, kama zifanyavyo timu zote zinazotujua. Kabla haujamfikia nikaona anageuza shingo. Akaangalia begani. Sijui aliona nani. Akaupokea kwa mguu mmoja, akageuka, akampa Theogene, rahisi tu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Mimi nisiyependa mpira nilisimama nikapiga mluzi, mfupi halafu mrefu, sikujua kama bado naujua.

Alicheza mpaka mwisho. Kipindi cha pili alikuwa anatembea zaidi ya kukimbia, goti limevimba, jezini kunaonekana moshi wa joto, lakini hakutoka. Tumefungwa mbili kwa moja. Mabao yote mawili yalipita pembeni.

Viti viwili vilikuwepo leo pia. Kwenye cha pili alikaa Kataliko, amekuja kutoka Columbus kwa basi. Yeye na Mama walikuwa chini ya mwavuli mmoja.

Jumapili, 8 Novemba. Njiani

Tumepakia gari alfajiri. Kocha hakuweza kukunja mguu, kwa hiyo Theogene anaendesha. Ilipofika ile saa yake ya Jumapili, nikamwona kocha anatoa simu, anafungua, kidole kinakwenda kwenye jina. Kikasimama. Akabaki anaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Gari zima lilijua ni saa gani, kwa sababu tumeshasafiri naye Jumapili. 

Mama akageuka kutoka siti ya mbele. Akanigusa goti, akaniambia, "Mutafsirie. Maneno yangu tu, usiongeze."

Akamwuliza, "Mulishinda? Ulicheza?"

Nikatafsiri. Kocha akamtazama Mama, machozi yanashuka na yeye hayafuti.

"Tumefungwa, Mama Muhoza," akasema. "Lakini nilicheza. Dakika zote tisini."

Nikamtafsiria Mama, neno kwa neno.